Sufuria, kopo la maziwa na DNA: shajara ya mradi, Nyegezi, Mwanza

Februari 2

Vifaa karibu vyote vimepatikana, kwa hiyo shajara inaanza leo. Tuko sita: mimi mwalimu wa fizikia, na wanafunzi watano wa kidato cha sita, watatu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na wawili wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Kazi tuliyojipa ni kupima, kwa kifaa tutakachokiunda wenyewe, joto ambalo nyuzi mbili za DNA huachana, kisha kueleza kwa nini ni joto hilo na si lingine.

Kwenye vitabu vyao vya baiolojia jambo hili limepewa nusu mstari: DNA ikipashwa joto, vifungo vya hidrojeni hukatika na nyuzi huachana. Halafu mada inasonga mbele. Miaka yote nimekuwa nikiupita huo nusu mstari kama daladala inavyopita kituo ambacho hakuna anayeshuka. Muhula huu tunashuka hapo hapo.

Lugha imetusumbua tangu kikao cha kwanza. Kiswahili kinaziita "nyuzi" zile kamba mbili za DNA, na kinaviita "nyuzi" vipimo vya joto. Mmoja aliandika ubaoni "nyuzi 2 huachana kwenye nyuzi 55", darasa zima likasoma mara mbili. Tumekubaliana: uzi ni wa DNA, joto tunalihesabu kwa digrii.

Februari 6

Kifaa. Njia inayozoeleka maabara kubwa ni kumulika DNA kwa urujuanimno wa nanomita 260. Besi, yaani sehemu za DNA zinazoandikwa A, T, G na C, zikiwa zimelaliana ndani ya uzi maradufu hunyonya mwanga huo kwa kiasi fulani. Zikiachana hunyonya zaidi, karibu asilimia 40 ya ziada. Taa na vioo vya mwanga wa aina hiyo bei yake hatuigusi. Sisi tunapita njia ya rangi. Iko rangi iitwayo SYBR Green ambayo ikielea peke yake majini karibu haing'ai, lakini ikijibana kwenye DNA yenye nyuzi mbili na kumulikwa kwa bluu, hutoa kijani kikali. Nyuzi zikiachana, rangi inakosa pa kujishikiza na mwanga unazimika. Kwa hiyo kupima mwanga ni kupima ni DNA kiasi gani bado imefungwa.

Mwili wa kifaa ni kopo la maziwa ya unga lililopakwa rangi nyeusi kwa ndani. Upande mmoja kuna taa ya LED ya bluu, upande unaokatana nao kwa pembe mraba kuna fotodayodi, kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na mbele yake kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa cha kuzuia bluu isiingie. Fundi redio mmoja wa Makoroboi alitutafutia LED na fotodayodi kwenye makasha yake, akakataa hela ya fotodayodi aliposikia ni ya wanafunzi. Bomba la sampuli linakaa ndani ya kipande cha alumini kilichokerezwa karakana moja ya Igogo, chenye matundu mawili: moja la bomba, jingine la thamista ya kupimia joto. Kipande hicho kinakaa kwenye maji ndani ya sufuria, sufuria iko juu ya jiko la gesi. Arduino, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inasoma fotodayodi na kutoa namba kati ya 0 na 1023.

Taa haiwaki muda wote. Inawaka sekunde moja kila nusu digrii kisha inazimwa, kwa sababu mwanga mkali huichosha rangi, na rangi iliyochoka inafanana kabisa na DNA iliyoachana.

Februari 9

Leo tulipima maji yanayochemka ili kuhakiki thamista. Ikasoma 96.1 ikagoma kupanda. Msichana anayeshika daftari la vipimo akasema, "Mwalimu, hii thamista ni mbovu, maji yanachemka kwenye 100." Tukaleta kipimajoto cha kioo cha maabara. Nacho kikasema 96.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu kidogo ya ziwa. Hewa inayotukandamiza huku ni nyepesi kuliko ya Dar, na maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyo juu yake. Kwa hiyo Mwanza maji yanachemka kwenye digrii 96 na kitu. Thamista ni nzima. Nimewaambia waandike namba hiyo kwa wino, kwa kuwa ndiyo dari yetu: DNA yoyote inayotaka zaidi ya 96 hatutaiona ikiachana humu sufuriani. Mashine za PCR, zile za kunakili DNA, huachanisha nyuzi kwenye digrii 94 au 95, kwa hiyo dari yetu inatosha kwa kubanabana.

Februari 13

DNA imefika, kwa basi, kutoka kwa rafiki yangu wa Dar. Nimeichukua stendi ya Nyegezi jioni. Ni mabomba mawili madogo, kila moja lina uzi mmoja uliotengenezwa kiwandani, besi 20. Uzi wa kwanza unasomeka hivi:

CAGTTGACCTAGAATCGTGC

Wa pili ni mwenzake, kila A ikikabiliana na T na kila G ikikabiliana na C. Niliuchagua mpangilio huu kwa makusudi: nusu ya jozi ni za G na C, na hauna sehemu ndefu inayoweza kujikunja na kujishika yenyewe.

Ukiliangalia bomba unaona tupu. DNA yenyewe imekaushwa na imebaki utando usioonekana chini kabisa. Mvulana mmoja aliligeuza juu chini akitafuta kilichomo, nikamshika mkono.

Februari 16 hadi 24

Siku tisa mbaya. Tuliyeyusha kila uzi kwa maji safi yaliyotoneshwa, tukachanganya, tukaweka rangi, tukafunga kopo. Usomaji: 38. Maji matupu yenye rangi: 35. Hakuna mwanga.

Tukaishuku LED, tukabadilisha. Tukaishuku plastiki ya chungwa. Tukaishuku rangi kwamba iliharibika kwa joto la basi. Jioni moja tukaacha dirisha wazi, wadudu wadogo wa ziwani wakafuata taa kama moshi, na asubuhi tukawakuta wamejaa ndani ya kopo hadi kwenye fotodayodi. Tukasafisha. 38 tena.

Februari 25

Nitaandika siku hii kwa kirefu.

Usiku nilirudi kwenye hesabu badala ya kifaa. Uti wa kila uzi wa DNA ni mnyororo wa sukari na fosfeti, na kila fosfeti ina chaji hasi moja. Jozi moja ya besi hadi nyingine ni nanomita 0.34 tu. Kwa hiyo kila nanomita 0.34 ya urefu kuna chaji hasi mbili, moja kila upande, na pande zote mbili zinachukiana. Kinachoziwezesha kukaa pamoja ni ioni chanya zinazozunguka majini, kama za sodiamu, ambazo husogea karibu na kuzifunika zile chaji. Kwenye maji yenye chumvi ya moli 0.05 kwa lita, chaji huacha kusikika baada ya umbali wa nanomita 1.4 hivi, pungufu ya unene wa DNA yenyewe ambao ni nanomita 2. Kwenye maji yaliyotoneshwa umbali huo hurefuka hadi makumi ya nanomita. Nyuzi zetu zilikuwa zinasukumana kabla hata hazijaonana.

Nikapiga hesabu ya joto la kuachana kwa chumvi chache kiasi hicho. Kanuni ninayotumia haikutengenezwa kwa maji safi namna hii, lakini ilinitolea digrii 23 hivi. Chumbani ilikuwa 28. Yaani nyuzi zilikuwa zimeshaachana kabla hatujawasha jiko.

Asubuhi tukapima gramu 5.8 za chumvi ya mezani, tukaziyeyusha hadi mililita 100, ambayo ni moli 1 kwa lita. Hatuna pipeti ndogo. Tuna bomba la sindano la insulini, ambalo mstari mmoja wake ni mikrolita 10. Bomba letu la DNA lina mikrolita 200. Mstari mmoja wa maji ya chumvi unatupa karibu moli 0.05 kwa lita.

Safari hii hatukulifunika kopo. Tuliinama wote sita tukiangalia bomba kupitia plastiki ya chungwa, taa ya bluu ikiwaka, pazia limefungwa. Yule msichana wa daftari ndiye aliyebonyeza sindano. Maji ya chumvi ni mazito, yakazama moja kwa moja chini, na kijani kikaanzia chini kabisa kwenye ncha ya bomba, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kikapanda taratibu kwa mawimbi membamba, pale tu chumvi ilipofika, juu yake bado giza. Alipogonga bomba kwa ukucha likawaka lote. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii.

Usomaji: 611.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mvulana wa PCM akauliza, "Mwalimu, ina maana kila uzi umempata mwenzake, wote, saa hii hii?" Ndiyo. Kwa ukolezi wetu, sehemu moja ya milioni ya moli ya kila uzi kwa lita, nyuzi fupi zinagongana mara nyingi kiasi kwamba nusu yake hupata wenza ndani ya sekunde moja hivi.

Machi 1

Mkunjo wa kwanza kamili, yaani mchoro wa mwanga dhidi ya joto. Gesi chini kabisa, maji yakipanda kama digrii moja kwa dakika. Kutoka 28 hadi 48 mwanga ulipungua polepole, kwa mstari ulionyooka. Hiyo si DNA kuachana: rangi yenyewe hung'aa kidogo zaidi ikiwa baridi na kidogo chini ikiwa ya moto. Kuanzia 52 ukaanguka. 55, 57, 59, kila nusu digrii namba inashuka kwa makumi. Kufikia 63 ulikuwa umelala. Katikati ya mporomoko: digrii 58.

Makadirio yangu ya kabla ya kipimo yalikuwa 55.6. Nayatoa kwenye jedwali la John SantaLucia la mwaka 1998, ambalo linaipa kila jozi ya besi na jozi jirani yake kiasi cha nishati na cha entropia (kipimo cha uhuru wa kucheza). Kwa uzi wetu, jumla ya nishati ya kufunga ni kilokalori 157.1 kwa moli. Kwenye chumvi ya moli 1 kwa lita joto la kuachana lingekuwa 70.7, kwa chumvi yetu linashuka hadi 55.6. Rangi yenyewe, kwa kujibana kwenye uzi maradufu, huushikilia na kuupandisha joto hilo digrii kadhaa. Kwa kopo la maziwa, 58 nimeridhika nayo.

Machi 7

Leo ilikuwa siku ya ubao, na ndiyo siku niliyoisubiri.

Nilianza kwa kuwapa kosa walitafute. Nikasema: kila jozi ya besi ni kifungo kinachojitegemea, nishati yake kilokalori 8 kwa moli, kikifunguka kinapata uhuru wa kucheza. Kikiwa kimefungwa kina nishati ya chini, kikiwa wazi kina entropia kubwa, na joto ndilo linaloamua upande gani uzidi. Pigeni hesabu: kutoka asilimia 90 kufungwa hadi asilimia 10, tunahitaji digrii ngapi?

Wakapata zaidi ya 100. Jozi zinazojitegemea zingeanza kufunguka kwenye barafu na kumalizia kwenye maji yanayochemka, polepole, kama samli inayolainika juani. Mkunjo wetu umeanguka ndani ya digrii 11. Hesabu ya jedwali inasema 9.

Wakakaa kimya. Msichana mmoja wa PCB akasema, "Basi hazijitegemei." Akaenda ubaoni akagawanya: kilokalori 157 ni karibu mara 20 ya 8, na zaidi ya digrii 100 ni zaidi ya mara 10 ya 9. Jozi zote 20 zinafunguka kama kitu kimoja. Neno la kitaalamu la jambo hili sijalipata katika Kiswahili nikaridhika nalo, kwa hiyo tunatumia ujima. Jozi iliyofungwa humshikilia jirani yake abaki amefungwa. Iliyofunguka humwacha jirani bila mtu wa kumwegemea.

Ujima huo unatoka wapi? Hapa kitabu cha shule kinapotosha kidogo. Tunafundisha kwamba A na T zina vifungo viwili vya hidrojeni, G na C vitatu, na hivyo ndivyo vinavyoibana DNA. Idadi ni sahihi. Lakini besi iliyoachwa wazi haikai mikono mitupu: maji yanayoizunguka yanaishika kwa vifungo vya hidrojeni vilevile. Faida halisi ya kufunga inabaki ndogo. Kinachobeba sehemu kubwa ya uimara ni besi kulaliana, bapa juu ya bapa, kama chapati kwenye hotipoti. Chapati ya katikati imeshikwa juu na chini. Ukiitoa, mbili zimepoteza jirani.

Ushahidi uko kwenye jedwali lenyewe, na niliwaacha wautafute. T ikifuatiwa na A, kwenye digrii 37, inatoa kilokalori 0.58 tu. A ikifuatiwa na T inatoa 0.88. Jozi zilezile, vifungo vya hidrojeni vilevile, kilichobadilika ni nani kamlalia nani. G ikifuatiwa na C inatoa 2.24. Mwanafunzi wa PCB akakumbuka mwenyewe kwamba baadhi ya jeni zina maandishi TATA karibu na pale zinapoanza kusomwa. Sikumwongezea neno.

Swali la mwisho la siku, kutoka kwa mdogo kuliko wote: "Mwalimu, sato hachemki. Maji ya ziwa ni digrii 25. DNA yake inaachanaje?" Swali zuri mno. Ndani ya seli kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya kiitwacho helikesi, kinachotembea juu ya uzi mmoja kikimsukuma mwenzake pembeni, na kinalipia kila hatua kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Nguvu inayotakiwa imepimwa: mwaka 1997 huko Ufaransa walishika nyuzi mbili za DNA moja kwa ncha zake wakazivuta pande mbili kama zipu, zikaachana kwa pikonyutoni 12 hadi 15. Ni uzito wa nanogramu moja na nusu hivi.

Machi 12

Umeme umekatika saa tisa mchana katikati ya kipimo cha pili. Data ya chini ya digrii 50 imepona, iliyobaki imepotea. Tumeanza kutumia betri ya pikipiki.

Machi 15

Tumerudia kwa chumvi tofauti, uzi uleule. Moli 0.01 kwa lita: katikati ni 50. Moli 0.05: 58. Moli 0.2: 65. Kila ukiongeza chumvi mara kumi unapanda digrii kumi na kitu. Tukachukua pia maji ya ziwa yenyewe kutoka ufukweni Nyegezi, tukachuja kwa pamba. Usomaji kwenye joto la chumbani ulikuwa juu, na mporomoko ukaja karibu na 46. Maji ya ziwa letu ni baridi kwa maana ya Kiswahili hasa, hayana chumvi ya kuonjeka, na bado madini machache yaliyomo yanatosha kuzipatanisha nyuzi. Nadhani kalsiamu na magnesiamu zinafanya kazi kubwa, kwa sababu ioni yenye chaji mbili hufunika fosfeti vizuri zaidi kuliko sodiamu.

Machi 21

Sasa DNA ndefu. Nyuzi fupi za kiwandani zimetufundisha, lakini DNA ya kiumbe ina mamilioni ya jozi, na hapo fizikia inabadilika.

Nilienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba saa kumi na mbili asubuhi. Mama ninayenunua kwake samaki alikuwa anapanga sato.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo kilo ngapi?"

"Leo natafuta matumbo tu, mama. Ya madume. Vile vifuko vyeupe."

Akaniangalia, akaangalia makorongo yaliyosimama nyuma yake yakisubiri hayo hayo matumbo. "Wanafunzi wanakula hivi sasa?" Nikamweleza ni kwa ajili ya kutoa DNA. Akajaza mfuko mzima, akakataa hela, akasema nikimaliza nimletee aone alichonipa kinafananaje.

Vifuko hivyo vimejaa mbegu za dume, na mbegu ya dume karibu yote ni kiini. Ndiyo sababu Friedrich Miescher, aliyekwisha kuipata DNA kwenye usaha mwaka 1869, alihamia baadaye kwenye mbegu za samaki wa mto Rhine.

Tulisaga, tukatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili ivunje tando, chumvi, na maji ya nanasi ambayo vimeng'enya vyake hukatakata protini. Tukachuja. Tukamimina spiriti baridi kutoka friza pembeni mwa glasi, polepole, ikae juu. Pale zilipokutana pakatokea wingu jeupe, na ndani ya wingu nyuzi. Mvulana mmoja akazizungushia kijiti cha meno zikamfuata kama ute wa bamia. Tukazisafisha kwa spiriti mara tatu kuondoa sabuni, tukaziyeyusha kwenye chumvi ya 0.05.

Machi 24

Mkunjo wa sato. Samaki wengi wana G na C karibu asilimia 40. Julius Marmur na Paul Doty walitoa kanuni mwaka 1962: 69.3 jumlisha 0.41 mara asilimia ya G na C. Kwetu ni 85.7, lakini hiyo ni kwa chumvi waliyotumia wao, yenye sodiamu moli 0.195 kwa lita. Kwa chumvi yetu tunatoa digrii 10 hivi, tunabaki na 76. Tumepima 78.

Umbo lake ndilo lililonishika. Uzi mfupi ulianguka mara moja. Huu wa sato umeshuka kwa mabega: kidogo kwenye 71, kisha mteremko mkubwa, kisha bega jingine kwenye 83. Maeneo yenye A na T nyingi yanafunguka mapema katikati ya DNA iliyofungwa pande zote mbili, yanakuwa viputo. Viputo vinakua, vinakutana, na mwisho ndipo nyuzi zinaachana kabisa.

Kiputo kina gharama ya peke yake. Wavuvi wanajua: ukiifunga kamba ncha mbili, sehemu ya katikati haiko huru kama kamba isiyofungwa, hata iwe ndefu vipi. Nyuzi mbili zilizo wazi ndani ya kiputo lazima zikutane tena mwisho wake, na sharti hilo la kukutana linapunguza entropia. Douglas Poland na Harold Scheraga waliliweka hili kwenye hesabu mwaka 1966. Gharama inakua kwa logi ya urefu wa kiputo, ikizidishwa na namba moja wanayoiita c. Namba hiyo ikiwa kati ya 1 na 2, DNA ndefu isiyo na mwisho ingefunguka kwa mteremko laini. Ikizidi 2, inafunguka kwa ghafla, kama barafu inavyogeuka maji. Makadirio ya mwanzo yaliyozingatia kwamba uzi hauwezi kupita ndani ya mwili wake yalikuwa karibu 1.76. Mwaka 2000 Yariv Kafri, David Mukamel na Luca Peliti walizingatia pia kwamba kiputo hakiwezi kupita ndani ya DNA iliyobaki, wakapata kama 2.1. Tofauti ndogo ya namba, na imevuka mstari.

Wanafunzi wa PCM wameandika programu ya Python inayofanya hesabu hiyo kwa jozi 2,000. Tulibadilisha c kutoka 1.5 hadi 2.1 tukaona mkunjo ukisimama wima zaidi mbele ya macho. Wamekaa nayo hadi mlinzi akaja kufunga.

Machi 28

Kupoza. Tumezima jiko, tukaifunga sufuria kwa kanga mbili ili ipoe taratibu, tukasoma mwanga ukirudi. Uzi wa besi 20 ulirudi karibu wote: 611 ya mwanzo, 588 ya mwisho. Sato, aliyeanza na 704, alirudi hadi 231 tu akasimama hapo.

Nyuzi fupi zina mwenza wa aina moja tu, na wamejaa kila upande. Vipande vya sato ni mamilioni ya maandishi tofauti, na kila kimoja kinamtafuta mwenzake mmoja gizani. Kinachorudi haraka ni maandishi yaliyojirudia mara nyingi, kwa sababu yana wenza wengi. Roy Britten na David Kohne waligundua hivyo mwaka 1968, kwa kuangalia tu kasi ya nyuzi kurudiana, kwamba DNA ya viumbe kama sisi imejaa marudio. Hiyo theluthi yetu iliyorudi yawezekana ni marudio ya sato, pamoja na nyuzi zilizoshikana ovyo na wasio wenza.

Kuzipa nafasi, hazitakiwi kupozwa sana. Zikiwa kama digrii 25 chini ya joto la kuachana, walioshikana kimakosa wanaachia na kutafuta tena. Kwetu ni kati ya 50 na 55. Na chombo cha kukaa kwenye joto hilo usiku kucha kila nyumba ya Mwanza inacho.

Tumeziachanisha upya nyuzi za sato kwenye maji yanayochemka dakika tano, tukalifunga bomba kwa mpira, tukalidumbukiza kwenye chupa ya chai yenye maji ya digrii 60, saa 12 jioni.

Machi 29

Saa 12 asubuhi. Maji ndani ya chupa ya chai: digrii 51. Bomba limefutwa, limewekwa kwenye kopo, limeachwa lifike joto la chumbani.

Usomaji: 342.

Mabomba mengine matatu yamerudi kwenye chupa. Yatasomwa jioni, kesho asubuhi na keshokutwa. Kijiti chenye DNA nimekifunga kwenye kichupa cha spiriti, napita nacho Mwaloni sasa hivi.